Mume na Mauzauza ya Saa Saba Usiku

Coast to Coast AM ni kipindi cha redio cha Marekani kinachoanza saa saba usiku kwa saa za mashariki ya nchi hiyo na kumalizika saa kumi na moja alfajiri. Mada zake ni visahani vya angani, mizimu, watu wanaodai kutekwa na viumbe wa sayari nyingine, siri za serikali, tiba za mitishamba na mwisho wa dunia. Kwa miaka mingi kimerushwa na vituo zaidi ya 500 vya Marekani na Kanada. Wasikilizaji wake hubishana juu ya mtangazaji kuliko wanavyobishana juu ya mizimu, na ubishi huo ndio uliozaa barua ya safari hii.

Barua imetoka kwa mama mmoja wa Tanga anayeishi Ohio. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, aghalabu usiku, na kipindi hicho ndicho mwenzake barabarani. Siku hizi mume amebadilika. Huwatumia ndugu waliobaki nyumbani ujumbe wa sauti kuhusu kimondo kitakachoigonga dunia, amejaza stoo vyakula vya makopo, hununua dawalishe zinazotangazwa usiku huohuo, na sasa anasema vidonge vyake vya presha havina kazi. Mama huyo alitafuta maoni ya wasikilizaji ili ajue mtangazaji ni mtu wa namna gani. Akakuta wengine wanamwita muungwana, wengine mpiga porojo, na wengi wanaapa kwamba mtangazaji hasa alikuwa yule wa zamani. Anauliza: "Shangazi, nimwamini nani kati yao? Na baba watoto wangu nimrudisheje?"

Yule wa zamani ni Art Bell. Alizaliwa mwaka 1945, akapata leseni ya redio ya ridhaa akiwa na miaka 13, akalitumikia jeshi la anga, na mwaka 1978 akaanza kushika zamu ya usiku katika kituo cha KDWN cha Las Vegas. Mwanzoni alizungumzia siasa kama watangazaji wenzake wa Marekani. Katikati ya miaka ya 1990 aliiweka siasa kando akageukia mambo ya ajabu, na kipindi kikapanda kwa kishindo. Alirusha matangazo kutoka nyumbani kwake Pahrump, mji wa jangwani ulio yapata kilomita 100 magharibi ya Las Vegas.

Vipindi vya simu huwa na mtu wa kuchuja wapigaji kabla hawajaingia hewani. Bell hakumtaka. Alipokea simu mwenyewe, hewani, bila kujua anayepiga ni nani wala atasema nini. Alitenga laini moja kwa walio magharibi ya milima ya Rocky, nyingine kwa walio mashariki, nyingine kwa wanaopiga mara ya kwanza. Kuna usiku alizifungulia laini watu wa aina moja tu, kwa mfano wanaodai kusafiri katika wakati. Usiku wa tarehe 11 Septemba 1997 aliwaalika waliowahi kufanya kazi Area 51, kambi ya siri ya jeshi la anga iliyoko Nevada. Mwanamume mmoja akapiga akilia na kutetemeka, akidai anafuatiliwa na kwamba wale wanaoitwa viumbe wa sayari nyingine sio wanaodhaniwa. Katikati ya maneno yake mawasiliano ya setilaiti yakakatika na kipindi kikapotea hewani kwa muda. Mwaka uliofuata mtu mmoja alipiga akisema ni yeye aliyekuwa ameigiza. Kukiri huko hakukupunguza kitu: rekodi ya usiku ule bado inasikilizwa, hata na wasioamini neno lake moja.

Hapo ndipo penye ufunguo wa sifa za Bell. Wanaomsifu mara chache husema alikuwa mkweli. Husema alijua kunyamaza. Mtu alipiga mwaka 1997 akidai ana shimo lisilo na mwisho katika ardhi yake karibu na Ellensburg, jimbo la Washington, na kwamba ameteremsha humo uzi wa kuvulia samaki kwa maili nyingi bila kugusa chini. Mtangazaji mwingine angemcheka au angemkatiza. Bell alimuuliza maswali ya fundi: uzi wa aina gani, uzito gani mwishoni, ukuta wa shimo umejengwa kwa kitu gani. Msikilizaji hakuambiwa aamini wala akatae. Aliachiwa hadithi ijitegemee au ianguke yenyewe, na wengi waliona huko ni kuheshimiwa.

Barazani, msimulizi wa jini anajulikana. Ukoo wake unajulikana, mikopo yake inajulikana, na yuko mzee wa kumkoholea akizidisha chumvi. Laini ya simu iliyo wazi saa nane za usiku haina mzee huyo. Mpigaji anaingia bila jina na kutoka bila deni, na mizani yote inabaki mkononi mwa msikilizaji ambaye pengine ana usingizi. Sifa ileile ya Bell, kutohukumu, ndiyo iliyokuwa lawama yake kubwa.

Lawama hiyo ina tukio lake. Mnamo Novemba 1996 mwanaastronomia wa ridhaa alipiga simu akisema amepiga picha ya kitu kinachoifuata nyota-mkia ya Hale-Bopp. Wageni wa kipindi wakaipokea habari hiyo na kuikuza, na baadaye ikatolewa picha iliyodaiwa kuwa ushahidi. Wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba ilikuwa picha yao wenyewe iliyochezewa. Machi 1997 watu 39 wa kikundi cha Heaven's Gate walikutwa wamejiua katika nyumba moja Rancho Santa Fe, California, wakiamini kwamba chombo kinakuja pamoja na nyota hiyo kuwachukua. Wakosoaji walimnyooshea Bell kidole. Haki inataka isemwe kwamba kikundi hicho kilikuwapo tangu miaka ya 1970, na chenyewe kiliandika kwamba kuwapo au kutokuwapo kwa kitu hicho hakubadilishi imani yao. Hata hivyo uvumi ulipata kipaza sauti usiku baada ya usiku, na kipaza sauti hicho kilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1998 kundi la watetezi wa fikra tunduizi lilimpa Bell tuzo ya dhihaka ya Mshumaa Uliozimwa. Miaka kumi baadaye aliingizwa katika jumba la heshima la watangazaji wa redio wa Marekani. Yote mawili yalimstahili.

Bell alikuwa na kasoro nyingine ambayo waombolezaji wake huisahau: aliaga na kurudi mara nyingi mno. Aliacha ghafla mwaka 1998 akarudi, akaacha mwaka 2000 akarudi, akaacha tena mwishoni mwa 2002. Kipindi chake cha redio ya setilaiti mwaka 2013 kilidumu wiki chache, na kingine alichoanzisha Julai 2015 alikifunga Desemba ya mwaka huohuo akisema usalama wa familia yake uko hatarini. Alifariki nyumbani kwake Pahrump tarehe 13 Aprili 2018. Mtu aliyekwisha kuondoka husifiwa kwa usiku wake bora, na mrithi hupimwa kwa usiku wake wa kawaida.

Mrithi ni George Noory, mzaliwa wa Detroit, aliyekuwa na kipindi chake cha usiku St. Louis kabla ya kukabidhiwa siku za kazi za Coast to Coast AM Januari 2003. Malalamiko juu yake yanafanana toka msikilizaji mmoja hadi mwingine: anauliza swali kama kwamba hakusikia jibu lililotangulia, anakubaliana na kila mgeni, anaruka pale ambapo mgeni amejikanyaga. Wanaomtetea husema ni mpole, hamdhalilishi mpigaji, na yupo. Hilo la mwisho si dogo. Anayeendesha lori usiku hahitaji fundi wa mahojiano. Anahitaji sauti ileile saa ileile.

Ukiyatazama maoni hayo kwa pamoja, jambo moja linajitokeza. Karibu yote ni hukumu za ufundi. Nani anasikiliza vizuri, sauti ya nani inafaa giza, nani anaharibu mgeni mzuri. Swali la mama wa Ohio ni jingine: je, yanayosemwa ni salama kufuatwa? Msikilizaji anaweza kumsifu mtangazaji hadi mbinguni bila kuamini lolote, kama mtu anavyompenda mwigizaji wa filamu za kutisha. Mwingine anaweza kumtukana mtangazaji huku ameamini kila kitu, akilalamika tu kwamba mgeni hakupewa muda wa kutosha. Isitoshe, wanaotoa maoni ni wenye hasira na wenye mapenzi makubwa. Wale wanaokiacha kipindi kiwapeleke usingizini hawaandiki. Kwa hiyo si busara kuchagua upande katika ubishi huo. Hakuna upande unaojibu swali lililoulizwa.

Kinachofaa kuchunguzwa ni mume huyu anakwenda kutafuta nini kwenye redio. Sehemu ya jibu ni ya kifizikia. Mchana, tabaka la chini la ionosfia hufyonza mawimbi ya kati. Jua likizama tabaka hilo hudhoofika, na mawimbi huakisiwa na tabaka la juu zaidi na kutua mamia ya kilomita mbali. Kituo cha wati 50,000 kinachosikika mchana katika miji michache, usiku husikika katika majimbo mengi. Dereva anayetoka Ohio kwenda Nebraska hukutana na kipindi kilekile tena na tena akibadili masafa, wakati magari mengine yamepungua, nyumbani kumelala, na Tanga kumekwisha kucha lakini watu wako kazini. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu urafiki wa upande mmoja kati ya msikilizaji na sauti ya hewani: msikilizaji humjua mtangazaji kama jamaa, ingawa mtangazaji hamjui. Urafiki huo si ugonjwa. Kumwambia mume kwamba rafiki yake ni mjinga, tena kwa kumsomea maneno ya watu wasiojulikana, kutamfanya amtetee.

Sehemu ya pili ni ya kurudiwarudiwa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1977 na Hasher, Goldstein na Toppino yalionyesha kwamba sentensi iliyosikika mara kadhaa huonekana ya kweli kuliko inayosikika mara ya kwanza, hata pale ambapo si kweli. Saa nne kwa usiku, siku tano kwa wiki, ni marudio mengi. Dawa yake si kuzima redio. Ni kupunguza zamu za kipindi hicho kimoja na kuongeza sauti nyingine: ujumbe wa sauti wa mke na watoto uliorekodiwa jioni, vitabu vya kusikiliza, mawaidha au mahubiri kwa kadiri ya dini yake, michezo, taarabu. Mke asiombe kipindi kiachwe. Aombe usiku wa kupumzika, na achague yeye cha kusikilizwa.

Kimondo na makopo vinaweza kusubiri. Makopo huliwa, na hofu ya kimondo hupoa tarehe iliyotajwa inapopita. Watoto na ndugu waambiwe waziwazi kwamba ni mazungumzo ya redio, na mume aambiwe kwamba wazee wa Tanga hawalali kwa ujumbe wake. Bajeti ya manunuzi ya kipindi iwekwe kiwango ambacho wote wawili wamekubali.

Vidonge vya presha havisubiri. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, dawalishe haihitaji kuidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa, kabla ya kuuzwa, na chupa yake inayodai faida kwa mwili inatakiwa kubeba maandishi kwamba bidhaa hiyo haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Mume asome chupa yake mwenyewe, kwa macho yake, bila kuhubiriwa. Kisha chupa hizo zipelekwe kwa mfamasia anayempa vidonge, kwa sababu baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za presha, na ushauri wa mfamasia dirishani hautozwi.

Ipo na hoja ya kazi, ambayo kwa dereva ina uzito kuliko hoja ya ndoa. Leseni ya lori la biashara kati ya majimbo huenda pamoja na cheti cha afya kisichozidi miezi 24, na mwenye presha kwa kawaida hupewa cha mwaka mmoja. Akikutwa na kipimo cha 180 kwa 110 au zaidi, hapewi cheti mpaka ishuke. Mama aangalie tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye cheti cha mumewe, amwombe apime presha wiki hii katika duka lolote la dawa lenye kipimo, na mazungumzo ya nyumbani yaanzie kwenye namba hiyo.