Kutembea na watoto kinamasini Kafutuma: saa kwanza, umbali baadaye

Familia inayopanga kutembea kwenye kinamasi cha ufukwe wa Ziwa Mweru nchini Zambia, upande wa Kafutuma na Nchelenge, huanza kwa kuuliza ni kilomita ngapi. Mimi naona swali la kwanza ni lini: mwezi gani, na saa ngapi. Makala nyingi za matembezi ya familia huandikwa Ulaya na kusifia Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika. Ukiifuata kalenda hiyo huku utawapeleka watoto kwenye joto la Oktoba, kisha kwenye mvua. Kusini mwa ikweta majira hayo huangukia Machi hadi Mei, na hata Mei nawashauri wenye watoto wadogo wasubiri kidogo. Mto Luapula, unaolijaza Mweru, unatoka Ziwa Bangweulu, na vinamasi vya kule hunywa mvua na kuiachilia polepole, hivyo Mweru hubaki limejaa hata baada ya mvua kukoma. Njia za wavuvi bado zimo majini. Mwishoni mwa Juni na Julai tope limeshika, hewa ni ya ubaridi, na anayetaka anaweza kuunganisha safari na Mutomboko, sherehe ya Mwata Kazembe kule Mwansabombwe mwisho wa Julai.

Saa ina uzito zaidi kuliko mwezi, kwa sababu ya kiboko. Jioni hutoka majini kwenda kula nyasi, na alfajiri hurudi. Hatari kubwa ni mtu kusimama kati yake na maji. Mfundishe mtoto kuitambua njia yake: si mfereji mmoja kama njia ya watu, ni mifereji miwili sambamba, na katikati tuta la nyasi ambalo miguu yake hailigusi. Ukiona tope bichi ndani ya mifereji hiyo, geukeni. Kwa hiyo anzeni saa tatu asubuhi, muwe mmerudi saa nane mchana. Kwa mtoto wa miaka saba, kilomita tatu ndani ya muda huo zinatosha kabisa, pamoja na kusimama kutazama samaki wadogo waitwao chisense wakianikwa juani.

Wapenzi wa ndege watasema saa tatu ni kuchelewa. Ni kweli, ndege huchangamka alfajiri, lakini alfajiri watazamieni kwenye uwanja wa nyumba mliyofikia. Pingamizi zito zaidi ni la kichocho: vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani katika saa zile zile ninazozipendekeza. Nalikubali, na bado nashikilia saa yangu. Kichocho huingia kwa kugusa maji, na maji unaweza kuyaepuka kwa mabuti ya mpira na kwa kukataza kabisa kuchezea ukingoni, jambo ambalo mamba nao wanalidai saa zote. Kiboko hazuiliwi na buti.

Wengine hudhani kiangazi kimefukuza mbu, kwa hiyo chandarua kibaki nyumbani. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi Zambia, na watafiti wameonyesha sababu mojawapo: mbu aina ya Anopheles funestus huzaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani, kwa hiyo madimbwi ya mvua yakikauka yeye anaendelea. Huuma hasa usiku wa manane, ndani ya nyumba. Matembezi ya mchana hayana lawama hapo. Kitanda kisicho na chandarua ndicho chenye lawama, Julai kama Januari.

Mkifika, kabla hamjawafunga watoto viatu, mwamkieni mvuvi aliyetoka ziwani asubuhi hiyo na mumuulize viboko wameingilia wapi. Akisema leo msipite, msipite.