Saa ya Kumwita Mhimilishaji: Maelezo kwa Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa

Kwa muda sasa Idara imekuwa ikipokea malalamiko ya wafugaji, mengine kwa barua na mengine kwa maneno makali mlangoni mwa ofisi, kwamba ng'ombe wao wamehimilishwa mara mbili na tatu wala hawakushika mimba. Na wengi wa hao walalamikao wamekwisha kata shauri kwamba mbegu zilikuwa zimekufa njiani, au kwamba mhimilishaji ametia maji matupu kwa tamaa ya fedha. Kwa sababu hiyo imeamriwa kwamba tangu sasa halitasikilizwa lalamiko lolote pasipo kadi ya ng'ombe iliyoandikwa saa ambayo joto lilionekana, na kijitabu hiki kimetolewa ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Mbegu zitokazo kituo cha Usa River, mkoani Arusha, huhifadhiwa katika mitungi ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na humo hudumu miaka mingi maadamu mtungi haukuachwa kukauka. Elimu hii si kiinimacho wala si ya jana: mwanzoni mwa karne ya 20 Ilya Ivanov wa Urusi alikuwa akihimilisha farasi, na mwaka 1949 wataalamu wa Uingereza, Polge, Smith na Parkes, walitangaza kwamba glaiseroli huzikinga mbegu zisife kwa kugandishwa. Idara haioni haya kusema kwamba mitungi yake hutunzwa kwa uangalifu ambao wengi wa wanaoishutumu hawajautia katika mazizi yao wenyewe.

Taksiri, basi, aghalabu haimo mtungini. Imo katika saa.

Ng'ombe asiye na mimba huja joto kila baada ya siku 21 au karibu yake, na joto lenyewe halipiti sana saa 18. Kwa ng'ombe wetu wa asili wenye nundu huwa fupi zaidi, na mara nyingi huja usiku, wakati mwenye mali amelala. Yai hutoka saa 10 hadi 12 baada ya joto kwisha, nalo likitoka huishi saa chache tu. Na mbegu nazo, zikiisha kutiwa, huhitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla ya kuweza kulitungisha yai, kisha uhai wao ni kama siku moja. Atakayehimilisha mapema mno, mbegu zitangoja hata zife. Atakayechelewa, zitalikuta yai limekwisha haribika. Huko Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940, Trimberger aliyachunguza mambo haya, na kutokana na kazi yake ndipo ilipoenea kanuni tunayoiamrisha: ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni ya siku ile ile, na aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi ya kesho yake, mapema, wala si baada ya soko.

Dalili ya kutegemewa ni moja: ng'ombe asimame tuli anapopandwa na mwenziwe. Yule apandaye si lazima awe ndiye mwenye joto, na kosa hili tumelikuta hata kwa wafugaji wakongwe wanaojiona hawana la kufundishwa. Kulia ovyo, kupungua maziwa, na ute mweupe unaong'aa kama ute wa yai ni dalili za kusaidia tu. Damu ionekanayo siku ya pili au ya tatu ni ishara kwamba joto limekwisha pita; basi anayemwita mhimilishaji kwa sababu ameona damu amechelewa, na tunakariri, amechelewa, wala asidai kurudishiwa fedha. Mtazameni mnyama alfajiri na magharibi, kwa nusu saa nzima, akiwa huru zizini. Mtoto apitaye na ndoo hakutazama.

Waliozoea farasi wasituletee hesabu zao, kwani joto la farasi jike hudumu siku 5 hadi 7 na yai hutoka siku moja au mbili kabla ya joto hilo kwisha. Kwa ng'ombe mambo ni kinyume.

Juu ya ng'ombe anayestahili kuhudumiwa: mtamba awe amefikia kama theluthi mbili za uzito wa ng'ombe mzima, aliyezaa awe amepumzika siku 60, na wote wawe na afya. Masharti mengine na malipo yamo nyuma ya kadi.

Baada ya kuhimilishwa, ng'ombe atazamwe tena kuanzia siku ya 18 hadi ya 24, na akiwa hakurudi joto apimwe mimba kwa mkono wa mtaalamu afikapo mwezi wa tatu. Hadhari hii ya mwisho isipuuzwe: wako ng'ombe wenye mimba ambao huonyesha joto, na mrija ukipitishwa katika mlango wa kizazi chenye mimba, mimba yaweza kutoka. Mhimilishaji ameagizwa akatae kumgusa ng'ombe ambaye kadi yake haina tarehe ya kuhimilishwa kwa mwisho, hata mwenyewe akiapa.