Kabla Hujaagiza Spea ya Datsun 240Z

Ukimwambia muuza spea kwamba unataka presha pleti ya Datsun 240Z ya mwaka 1972, bado hujamwambia cha kutosha. Gari hilo lina zaidi ya miaka 50. Limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja alifunga alichokipata. Kadi inasema 1972, injini imetoka kwenye gari la 1976, giaboksi ni ya gari jingine kabisa, na breki za mbele ni za Toyota. Anayeagiza kwa kufuata kadi ataletewa spea sahihi ya gari ambalo halipo tena.

Nimelichagua gari hili kwa sababu lina historia na barabara zetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari wakiwa na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena nalo. Hadi leo 240Z huonekana kwenye East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Yaliyobaki ni machache, na inauma kuona moja linakaa gereji miezi kwa sababu ya kifurushi kilichosafiri kutoka ng'ambo kikafika na kitu kisichoingia.

Anza na chasisi. Fungua boneti utazame ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Namba imegongwa hapo hapo kwenye bati. Kuna pia kibao kidogo ndani ya boneti, lakini kibao hung'oka na mtu anaweza kukihamisha. Ukikuta namba mbili zinatofautiana, fuata ile ya kwenye bati, na uulize sababu kabla hujalipia chochote. HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia. HLS30 ni ya usukani wa kushoto, na nyingi kati ya hizo zilikwenda Marekani. RS30 na RLS30 ni 260Z. Mtego uko kwa 280Z, iliyouzwa Amerika Kaskazini kuanzia modeli ya 1975: nayo inaanza na HLS30, sawasawa na 240Z. Kinachozitofautisha ni tarakimu zinazofuata, maana za 280Z zimeanzia laki mbili. Ukiona S30 peke yake, bila H mbele, hiyo ni Fairlady Z ya soko la Japani yenye injini ya L20 ya lita mbili, na usithubutu kuiagizia pistoni za 240Z.

Hata ndani ya 240Z yenyewe kiwanda hakikukaa kimya. Magari ya mwanzo, yaliyotengenezwa hadi karibu Januari 1971, yana matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma wa buti. Baada ya hapo matundu yakahamia kwenye nguzo za nyuma, pembeni mwa kioo, yakafunikwa na nembo ya duara yenye herufi Z. Ukiagiza mlango wa buti, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kutazama. Katikati ya mwaka 1971 difu ilisogezwa nyuma milimita 35 ili shafti za magurudumu zikae zimenyooka zaidi, na vishikizo vyake vikabadilika. Modeli ya 1972 ikaja na giaboksi mpya. Ile ya zamani, inayoitwa aina ya A, nyumba yake ya klachi ni kipande cha peke yake kilichofungwa kwa bolti. Aina ya B imemwagwa pamoja na nyumba ya klachi, kipande kimoja. Ingia chini ya gari na tochi, utajua ndani ya dakika moja ni ipi.

Injini inahitaji muda zaidi, kwa kuwa hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, upande wa kulia, na mbele yake kuna alama ya ukubwa: L24, L26 au L28. Kwa nje injini hizi zinafanana kiasi kwamba fundi mzoefu anaweza kupita bila kugundua. Kwa ndani ni vitu tofauti. L24, ambayo ndiyo ya 240Z, ina cc 2393. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 na pistoni inasafiri milimita 73.7. L26 ina kipenyo kile kile cha 83, ila pistoni inasafiri milimita 79. L28 ina cc 2753, kipenyo cha 86 na safari ya 79. Konrodi za L24 zina urefu wa milimita 133, za hizo nyingine mbili ni 130.35. Kwa hiyo mtu aliyebadilishiwa L28 zamani, akaagiza gasketi ya silindahedi ya 240Z, anapata gasketi yenye matundu ya 83 juu ya silinda za 86. Ukingo wa gasketi unatokeza ndani ya silinda, unapigwa na moto kila mlipuko, na baada ya muda si mrefu inaungua.

Kuna jambo jingine ambalo namba ya bloku haiwezi kukuambia. Injini ya miaka mingi mara nyingi imeshachongwa, pengine mara mbili. Mafundi wetu wakisema injini iko ovasaizi hamsini, maana yake silinda imeongezwa nusu milimita na pistoni zake ni kubwa kwa kiasi hicho. Usiagize pistoni wala ringi kabla silindahedi haijafunguliwa na silinda kupimwa kwa kifaa cha kupimia kipenyo. Mara nyingi alama ya ovasaizi utaikuta juu ya kichwa cha pistoni, ukiikwangua masizi taratibu kwa kitambaa chenye petroli.

Silindahedi nayo ina utambulisho wake. Ubavuni, upande wa plagi, kuna herufi na tarakimu zilizotokeza kwenye aluminiamu yenyewe. E31 ni ya 240Z za mwanzo, E88 ni ya zilizofuata, N42 na N47 ni za 280Z. Kwa sababu silindahedi hizi zote hukaa juu ya bloku zote, watu wamezichanganya kwa miongo mingi. Tofauti inajitokeza kwenye vitu vidogo: matundu ya ekzosi ya N47 ni ya duara, ya E31 ni ya pembe nne, na gasketi ya manifoldi inabidi ifuate silindahedi iliyopo.

Sasa namba ya spea. Nissan, iliyokuwa ikiuza kwa jina la Datsun, hutumia namba yenye sehemu mbili za tarakimu tano tano, katikati kistari. Sehemu ya kwanza inataja ni kitu gani: 11044 ni gasketi ya silindahedi, 21010 ni pampu ya maji, 15208 ni filta ya oili. Sehemu ya pili inataja ni cha gari gani na cha toleo gani. Muuzaji akikutumia picha ya boksi, soma sehemu zote mbili. Ya kwanza ikilingana na ya pili ikatofautiana, umepata pampu ya maji kweli, ila huenda ni ya Datsun nyingine. Mara nyingine tofauti ni halali, kwa sababu kiwanda kilibadilisha namba baada ya kuboresha kitu. Katika hali hiyo mwambie akuonyeshe kwenye katalogi ya spea kwamba namba mpya imechukua nafasi ya ile ya zamani.

Klachi naitenga, kwa sababu ndiyo inayowasumbua wengi hata baada ya kununua spea mpya na orijino. Beringi ya klachi inakaa juu ya kola ya chuma inayoteleza kwenye giaboksi. Kola hizi ziko za urefu tofauti, fupi na ndefu. Watu hudhani kola inafuata giaboksi. Sivyo. Kola inafuata presha pleti, kwa kuwa presha pleti za magari haya zinatofautiana unene. Ukifunga presha pleti nyembamba na kola fupi, unakanyaga pedali hadi chini na klachi haiachi, gia zinalia. Ukifunga nene na kola ndefu, klachi haishiki sawasawa, inateleza na kuungua. Ukiagiza presha pleti ya aina nyingine, agiza na kola yake. Giaboksi ikishushwa, weka kola ya zamani na mpya mezani, simamisha zote mbili, tazama kama zinalingana. Ukiruka hatua hiyo, kazi ya kushusha giaboksi utairudia.

Breki za mbele za kiwandani zina kalipa ya pistoni mbili. Marekani wamiliki wengi walizibadilisha wakafunga kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ya 4x4, kwa kuwa zinaingia kwenye matundu yale yale ya bolti. Hesabu pistoni kabla ya kununua pedi. Ukikuta nne, pedi unazozitafuta ni za Hilux, na hizo hazipatikani kwa shida huku kwetu.

Na kwa kuwa Toyota zimejaa kila mahali, chunga nati za magurudumu. Studi za Datsun ni za milimita 12 zenye uzi wa 1.25. Za Toyota ni milimita 12 pia, lakini uzi ni 1.5. Nati ya Toyota itaanza kuingia kwa mkono, izunguke kidogo, kisha ikaze. Fundi mwenye haraka ataisukuma kwa spana ndefu, na hapo uzi wa studi unakatika. Gurudumu linabaki limeshikwa na nati ambayo haijashika. Nati sahihi huingia kwa vidole hadi karibu na mwisho.

Plagi ni rahisi: NGK BP6ES inafaa, na urefu wa uzi wake ni milimita 19. Kabureta zikague kwa macho. Za awali zina kuba ya duara juu. Zile za soko la Marekani za 1973 na za 260Z zina kichwa bapa, na vifaa vya kuzifanyia sevisi haviingiliani.

Unapoandika oda, tuma namba ya chasisi, namba ya injini, herufi za silindahedi, aina ya giaboksi, na picha ya spea ya zamani ikiwa imelazwa kando ya rula. Usiitupe ya zamani. Mpya ikifika, zilaze pamoja, hesabu matundu, meno na bolti, pima unene, na fanya hivyo kabla ya kuipaka grisi, maana wauzaji wengi hawapokei tena spea iliyokwisha kufungwa.