Vifurushi vya Programu na Namna ya Kuvitunza

Wasomaji wenzangu, mwisho wa mwaka uliopita niliwatia wanafunzi wenzangu taabuni kwa haraka yangu mwenyewe. Naona vyema niieleze habari hiyo hapa, ili iwe somo kwa wote wanaojifunza kompyuta.

Skuli yetu ina programu ndogo inayoweka hesabu ya vitabu vinavyoazimwa. Waliotutangulia waliiandika kwa lugha ya Python, wakatumia Django toleo la 3.2. Django ni kifurushi, yaani kazi iliyokwisha andikwa na watu wengine na kufungwa pamoja, ili kila mwenye haja aitumie badala ya kuanza upya. (Sisemi vile vifurushi vya simu tunavyonunua madukani.) Ilianza katika ofisi ya gazeti la mji wa Lawrence, Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Nayo si ngeni kwetu: Novemba 2023 mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika hapa hapa Zanzibar.

Kifurushi kimoja huvuta vyengine. Ukiiweka Django, huja pamoja nayo asgiref na sqlparse, kwani bila ya hivyo haifanyi kazi. Hivi tuviite vitegemewa. Mfano wake ni boriti za nyumba za Mji Mkongwe. Apitaye njiani hutazama mlango wa nakshi, wala hazioni boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu. Lakini boriti zikioza, uzuri wa mlango hauizuii sakafu kuanguka.

Sasa kosa langu. Jioni moja niliona kuwa matoleo mapya yapo. Nikaiamuru kompyuta isasishe vifurushi vyote kwa mara moja, wala sikuandika nambari za matoleo ya zamani. Programu ikakataa kufunguka. Asubuhi yake Kidato cha Nne walikuja kuchukua karatasi za kuthibitisha kuwa wamerejesha vitabu, na orodha hatuna. Tukahesabu kwa mkono mpaka adhuhuri. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akirudi kwao Pemba aliikosa boti kwa sababu yangu.

Mwalimu wetu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, uliyasoma maelezo ya toleo jipya?" Nikajibu, "Hapana, mwalimu." Tukayasoma pamoja. Programu yetu ilitumia amri iitwayo url, na amri hiyo iliondolewa katika Django 4.0, Desemba 2021. Watunzaji wake walikwisha onya tangu toleo la 3.1, mwaka 2020, wakaitaja na amri ya kutumia badala yake. Onyo lilikuwapo, msomaji ndiye hakuwapo.

Je, ingekuwa bora kutosasisha kabisa? Hasha. Matengenezo ya Django 3.2 yalikoma Aprili 2024, na programu isiyotengenezwa hubaki na matundu ambayo wabaya huingilia. Nia yangu ilikuwa njema. Njia ndiyo mbaya.

Hebu tuwatazame waliobobea. Debian ni mfumo wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1993, nao hutunzwa na watu wanaojitolea. Toleo lake la 12, la Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Wakati huo Django 4.2 ilikwisha toka, lakini wao walitoa 3.2. Kwa nini? Kwa sababu humo kifurushi kimoja hutumiwa na programu nyingi, na kukibadili ni kuzitikisa zote. Basi miezi kadhaa kabla ya kutoa toleo husimama kupokea mapya, wakajaribu kama yaliyopo yanapatana. Tundu likionekana baadaye, huliziba katika toleo lile lile la zamani. Wao hawatafuti upya, hutafuta mapatano.

Kwa hiyo nashauri mambo manne:

1. Andika kila kifurushi na nambari kamili ya toleo lake.
2. Ipe kila programu vifurushi vyake peke yake, isichanganye na nyengine.
3. Soma maelezo kwanza, kisha sasisha kimoja kimoja, tena katika nakala, na ujaribu kila mara.
4. Usiache muhula upite bila ya kuikagua orodha.

Programu yetu sasa inafanya kazi. Orodha ya vifurushi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la maktaba, na kila muhula mmoja wetu ana zamu ya kuikagua. Zamu ya kwanza niliiomba mimi.

Maswali ya kujipima: (a) Kitegemewa ni nini? (b) Kwa nini Debian 12 haikuchukua Django 4.2? (c) Ungekuwa wewe jioni ile, ungeanza na lipi?