Usimamizi wa Baraza Wakati wa Dharura: Mwongozo kwa Watendaji, Watunza Ghala na Wajumbe wa Kamati za Maafa, Itumba

1. Madhumuni

Mwongozo huu ni kwa maafisa watendaji wa vijiji na kata, watunza ghala, madiwani na wajumbe wa kamati za maafa walioko Itumba na kwingineko wilayani Ileje. Mto Songwe unapofurika au barabara ya mlimani inapokatika, watu hawa hufanya kazi kwa haraka huku amri zikitoka pande nyingi, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Lengo ni kuonyesha kazi ipi ni ya kikao na ipi ni ya mtendaji. Mifano imetoka vitani, kwa sababu vitani kasoro ya usimamizi haikawii kuonekana.

2. Mfano wa Uganda, 1981 hadi 1986

2.1 Tarehe 6 Februari 1981, Yoweri Museveni na wenzake walishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba, wakaanza vita vya msituni dhidi ya serikali. Mwezi Juni kundi lake liliungana na lile la Yusuf Lule, aliyewahi kuwa rais. Likazaliwa vuguvugu la NRM pamoja na jeshi lake, NRA, na juu yake likawekwa Baraza la Taifa la Upinzani, yaani NRC. Lule alikuwa mwenyekiti akiwa ng'ambo. Museveni, makamu wake, aliongoza jeshi msituni.

2.2 Baraza lilifanya kazi kwa kamati, mojawapo ikiwa ya fedha na ugavi. Mipango ya mapigano ilibaki kwa makamanda. Katika vijiji vya Luwero, eneo la mapigano, ziliundwa kamati za wananchi zilizokusanya chakula na habari. Kwa njia hiyo mkulima aliyetoa mihogo yake alishughulika na jirani anayemfahamu kabla ya kukutana na mtu mwenye bunduki.

2.3 Askari waliwekewa kanuni za maadili zilizotaja mambo kwa majina yake. Ilikatazwa kumtukana au kumpiga raia. Ilikatazwa kuchukua mali yake, hata muwa au ndizi. Kilichonunuliwa kilipwe papo hapo, kilichoazimwa kirudishwe, na pombe isubiri vita viishe. Makosa makubwa yalipelekwa kwenye mahakama ya kijeshi, ambayo adhabu yake iliweza kufika kifo.

2.4 NRA ilipoiteka Kampala Januari 1986, Tangazo la Kisheria Na. 1 la mwaka huo liliipa NRC mamlaka ya kutunga sheria za nchi, na kanuni za msituni nazo zikapewa nguvu ya sheria.

2.5 Kasoro ya mpango huu haifai kufichwa. Baadhi ya wajumbe wa baraza walikuwa makamanda wa jeshi lile lile walilopaswa kulisimamia, na anayejikagua mwenyewe hakosi sababu ya kujisamehe. Dawa ilikuja taratibu: mwaka 1989 baraza lilipanuliwa kwa uchaguzi, na Katiba ya 1995 ikalipa Bunge kazi ya kutunga sheria za jeshi, ambalo sasa liliitwa UPDF. Hata hivyo jeshi lilibakiziwa viti 10 bungeni.

3. Onyo kutoka Marekani, 1775 hadi 1778

3.1 Kongresi ya makoloni 13 yaliyoiasi Uingereza iliunda jeshi Juni 1775 na kumpa George Washington uongozi wake. Juni 1776 iliunda Bodi ya Vita chini ya John Adams. Wajumbe walewale waliotunga sheria walijadili pia baruti, viatu na vyeo vya maafisa, huku wakiwa na kazi nyingine nyingi.

3.2 Juni 1777, katikati ya vita, Kongresi ilibadili taratibu za idara ya chakula. Kumbukumbu za kujaza ziliongezeka sana, na maafisa ununuzi wakanyimwa kamisheni waliyoitaka, wakapewa mshahara. Mkuu wa idara, Joseph Trumbull, alijiuzulu miezi michache baadaye. Mkuu wa usafirishaji, Thomas Mifflin, naye akajiuzulu. Majira ya baridi yaliyofuata jeshi lilikaa katika kambi ya Valley Forge bila chakula wala nguo za kutosha, na askari karibu 2,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi.

3.3 Kongresi ilituma kamati ya wajumbe wake kukaa kambini kuanzia Januari 1778. Walipojionea hali halisi, mambo yalibadilika: Machi, Nathanael Greene alipewa idara ya usafirishaji, na malipo ya kamisheni yakarudi. Ugavi ukaimarika.

4. Mambo ya kuzingatia

4.1 Kikao kiamue mambo manne: kanuni, fedha na vifaa, jina la anayewajibika kwa kila kazi, na nidhamu. Njia ya lori na zamu za vibarua ni kazi ya mtendaji.

4.2 Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Kila kamati ijue mapema inapokea maelekezo kutoka wapi na inaripoti kwa nani.

4.3 Anayegawa mahindi, mablanketi au mabati asiwe ndiye anayekagua leja. Kama watumishi ni wachache, mkaguzi atoke kijiji cha jirani.

4.4 Fomu ziandaliwe kabla ya mvua, na zisibadilishwe zoezi likiendelea. Kwa siku za kwanza yanatosha mambo matano: tarehe, aina ya kitu, idadi, jina la mpokeaji, na sahihi au dole gumba lake. Mengine yakamilishwe baadaye.

4.5 Mali ya mwananchi ikitumika, iwe mtumbwi, trekta au chakula, apewe stakabadhi siku hiyo hiyo. Deni lisiloandikwa huishia kuwa ugomvi kati ya mtu na serikali yake.

4.6 Makatazo yatajwe waziwazi. "Zingatieni uadilifu" haimzuii mtu. "Mtumishi asichukue hata kilo moja ya unga wa msaada" inamzuia.

4.7 Taarifa za ghala na za mtaani zikipingana, wajumbe wawili au watatu waende eneo la tukio, wakae huko mpaka waelewe, ndipo kikao kibadili utaratibu.

5. Ukomo

Madaraka ya dharura yatolewe kwa maandishi na yawe na tarehe ya mwisho. Yakihitaji kuongezwa, kikao kikae upya na kieleze sababu. Zoezi likiisha, leja na stakabadhi zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari ufikishwe kwa Baraza la Madiwani. Upungufu utakaobainika ushughulikiwe kwa taratibu za kawaida za nidhamu, bila kujali kwamba mhusika alijituma usiku kucha.