Kamati ya Mafuriko ya Mji wa Madogo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Novemba 2023 mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara ya kwenda Garissa. Aprili 2024 yakaikata tena, na tarehe 28 mwezi huo boti iliyobeba abiria ikazama eneo la Kona Punda, watu wakafa. Kamati itakayoketi kabla ya masika yajayo na isome haya.

Andikeni kazi zote kwenye karatasi moja, ibandikwe ukutani ambapo chifu, kijana wa bodaboda na mama muuza chai wataiona. Kazi, jina, siku. Basi.

Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Msiandike "kamati ndogo ya uokoaji". Maji yakiingia majumbani usiku wa manane, kamati ndogo utaipigia simu gani? Andikeni nani ana ufunguo wa stoo ya mahema. Andikeni nani atambeba mzee asiyeweza kutembea, na mzee huyo anaishi nyumba ipi. Aliyesafiri wiki hiyo afutwe, aandikwe mwingine siku hiyo hiyo.

Msingoje mvua ya Madogo. Mto huu hujazwa na mvua za Mlima Kenya na Aberdare, kisha maji hupitia mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ikijaa hadi kumwagika, kampuni ya umeme ya KenGen hutangaza. Tangazo hilo ndilo mwanzo wa kazi, hata kama jua la hapa linachoma na vumbi limetanda. Mmoja wenu apewe jukumu la kulifuatilia, na akilipata asiitishe mkutano. Aanze kuwapigia simu waliomo kwenye karatasi.

Msifungue kundi la pili la WhatsApp. Habari ikitoka pande mbili, mwenye watoto hubaki nyumbani akingoja ya tatu.

Msiandike kwa Kiingereza cha wafadhili. Andikeni Kiswahili, kisha mtangaze msikitini kwa lugha za Wamunyoyaya, Waorma na Wasomali.

Mikutano iwe mifupi, mkiwa mmesimama.

Boti isiondoke kabla idadi ya abiria na jina la nahodha havijaandikwa. Asiye na jaketi la kuokolea havuki, hata awe mheshimiwa.