Umeitazama Filamu, Sasa Njoo Jikoni

Filamu za mapishi zina hila. Unaanza kutazama moja ukiwa umeshiba ugali na dagaa, inapokwisha una njaa upya, na tena unazitazama sufuria zako kama mtu aliyedhulumiwa. Kesho yake unataka kupika.

Hapa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, filamu hizi hazifiki kwa wingi. Tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu za kigeni, kinachotafsiriwa na madijei ni ngumi, bunduki na mapenzi ya Kihindi. Mtu anayekatakata kitunguu hana cha kutafsiriwa. Lakini ndugu akirudi kutoka Mpanda na flashi iliyojazwa, katikati ya makomando hukosi mpishi mmoja aliyepotea njia. Ukimpata, usimfute. Mwibie mbinu, vifaa na vyakula vyake mwachie mwenyewe. Ziwa Tanganyika na mashamba yetu vitakupa vya kupika.

1. Chagua filamu inayopika kweli

Kuna filamu ambazo watu hula tu. Kwa anayeanza, nashauri tatu: Julie & Julia (2009), Ratatouille (2007) na The Lunchbox (2013) ya India. Zote zinaonyesha mikono ikifanya kazi.

Ile inayotuhusu zaidi sisi wa ziwani haifai hata kidogo. The African Queen ya mwaka 1951 ilitokana na vita vya Ziwa Tanganyika, na meli ya Wajerumani iliyomo inaifuata Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la MV Liemba. Iliteremshwa majini Kigoma mwaka 1915, na kwa miaka mingi ilipita Karema ikipakia watu na magunia ya dagaa huku mitumbwi ikiizingira. Ila filamu yenyewe ilipigwa Uganda na Kongo ya Wabelgiji, na jikoni mwa watengenezaji wake hapakuwa na la kuiga. Waigizaji na mafundi waliugua matumbo kwa maji machafu, Katharine Hepburn akiwemo. Humphrey Bogart alisimulia kwamba yeye alipona kwa sababu aliishi kwa maharage ya kopo na wiski. Akapata Oscar. Mapishi hakutuachia.

2. Tazama mara mbili

Mara ya kwanza fuata hadithi, ulie au ucheke umalize. Mara ya pili tazama mikono tu: kisu kimeshikwaje, moto uko juu au chini, chumvi imeingia lini.

3. Usiweke nadhiri ya sahani 524

Julie Powell, yule dada wa New York katika Julie & Julia, alijiapiza kupika mapishi 524 kwa siku 365, na akafanya. Yeye alikuwa na jiko la kuwasha na kuzima. Wewe una gunia la mkaa na watu wanaotaka kula kabla ya saa tatu usiku. Chagua pishi moja. Lirudie mpaka watoto waliombe kwa jina.

4. Kausha samaki kabla hajaona mafuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kidokezo kitakacholipa bando lako.

Julia Child, anayeigizwa na Meryl Streep katika filamu hiyohiyo, alifika Ufaransa mwaka 1948, na katika mji wa Rouen akaletewa samaki aliyekaangwa kwa siagi na kukamuliwa limau. Samaki yule ndiye aliyemtia wazimu wa jikoni. Kitabu cha mapishi ya Kifaransa alichoandika na wenzake wawili kilitoka mwaka 1961 na bado kinapikiwa. Pishi lenyewe ni samaki, unga, siagi, limau na majani mabichi ya kunyunyiza. Hakuna hata kimoja cha kukushinda.

Mtafute kuhe. Nyama yake ni nyeupe, inashikamana, na siagi inampenda. Mgebuka ni mtamu, sibishi, lakini mimi humpa heshima yake kwenye moshi au kwenye mchuzi wa mawese. Mpare kuhe, mkate vipande, mpake chumvi, kisha mfute kwa kitambaa safi mpaka asiteleze mkononi. Wengi hapa ndipo wanapoharakisha. Samaki mwenye maji akiingia kwenye mafuta, moto unatumika kwanza kukausha yale maji. Anachemka badala ya kukaangika, ngozi inaganda kwenye kikaango, na wewe unamlaumu mwenye duka la vikaango. Filamu inatoa somo hilohilo kwa nyama na uyoga: ukavu kwanza, na usijaze kikaango. Vipande viwili kwa wakati mmoja vinatosha. Ukiweka vitano, mvuke wa huyu unamlowesha yule.

Akishakauka, mpitishe kwenye unga wa ngano, au wa muhogo uliochekechwa vizuri, kisha mkung'ute. Kikaango kipate moto kwanza, mafuta yafuate. Siagi huungua haraka, kwa hiyo ichanganye na mafuta ya kula kidogo. Samli ni bora zaidi, maana maziwa yake yameshatolewa na inavumilia moto. Wafugaji wa Kisukuma mkoani Katavi wanayo nzuri. Samaki akishawekwa, mwache. Usimchokonoe. Akiwa tayari kugeuzwa ataachia mwenyewe. Mwishoni kamua ndimu, nyunyiza giligilani, na mlete mezani akiwa bado anaongea.

5. Uliza mwezi uko wapi

Mpishi wa filamu anaingia sokoni asubuhi na kila kitu kinamsubiri. Hapa mwezi una kauli. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwanga huwavuta dagaa juu, na migebuka huja nyuma yao kutafuta mlo. Mbalamwezi ikijaa, taa ya mvuvi haina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo ukipanga karamu ya samaki, panga usiku wa giza. Kumbuka pia mapumziko ya ziwa: mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi ya namna hiyo si ya kumlilia kuhe. Ni ya kidokezo kinachofuata.

6. Panya tumfukuze, pishi lake tulibakishe

Mhusika mkuu wa Ratatouille ni panya anayepika Paris. Najua, mwenye ghala la mpunga hawezi kumshangilia panya, hata wa katuni. Mvumilie mpaka mwisho, maana anachompikia yule mkosoaji mkali wa chakula si nyama ya kifahari. Ni mboga za mkulima: bilinganya, nyanya, pilipili hoho, kitunguu, na mboga moja ya jamii ya mamumunye. Mpishi wa kweli wa Marekani, Thomas Keller, ndiye aliyewasaidia watengenezaji kuipanga ile sahani.

Karema inapikika hivi. Kaanga kitunguu, hoho na nyanya zilizosagwa kwa moto mdogo mpaka uwe mchuzi mzito, utandaze chini ya sufuria pana. Kata bilinganya, nyanya ngumu na mamumunye machanga vipande vyembamba vya mviringo, vyote unene mmoja. Vipange juu ya mchuzi kwa kupishana, kimoja kikilalia kingine, kuzunguka mpaka katikati. Chumvi, mafuta kidogo, kitunguu saumu.

Panya yule anafunika mboga zake kwa karatasi ya kuokea. Wewe chukua jani la mgomba, lipitishe juu ya moto lilainike, ulikate duara na kulilaza juu ya mboga. Kisha mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Mama yeyote anayeoka keki kwa moto wa juu na chini ataelewa: makaa machache chini, mengi zaidi juu, na subira. Mboga ziwe laini bila kupondeka. Zile kwa wali wa mpunga wa hukuhuku, na hutajua kama samaki amekosekana.

7. Saa ya filamu si saa ya jiko

Ndani ya filamu kitunguu hugeuka rangi ya dhahabu mtu akimaliza sentensi. Nyumbani kinataka dakika ishirini za moto mdogo. Mwenye njaa apewe kiazi cha kuchoma asubiri nacho.

8. Tafuta shangazi wa ghorofani

Katika The Lunchbox, Ila anapika chakula cha mchana cha mumewe, na mpeleka chakula wa Mumbai anakifikisha kwa mtu mwingine kabisa. Watu wengi hukumbuka mapenzi ya barua yanayofuata. Mimi namkumbuka Shangazi Deshpande, jirani wa ghorofa ya juu ambaye sura yake hatuioni. Tunamsikia tu akipaza sauti kupitia dirishani, akielekeza pishi, na kikapu chake kinashuka kwa kamba.

Karema hakuna haja ya kamba. Bibi aliye upande wa pili wa ua, aliyepika migebuka tangu kabla hujazaliwa, anajua mawese yameiva lini na muhogo upi ni mchungu. Muonjeshe. Akisema "chumvi", ongeza chumvi. Akinyamaza, anza upya.

9. Badilisha bila kuona haya

Pishi likitaka krimu, tui litafanya. Likitaka sukari ya kuungua, jaribu asali ya Inyonga, ambayo wa Dar es Salaam wanaiagiza na sisi tunaipita stendi. Kitu usichoweza kukibadilisha wala kukipata Mpanda, achana nacho.

10. Na wewe, baba

Wapo wapishi wa filamu ambao ni wanaume, na sebuleni tunawapigia makofi. Halafu tunageuka kuuliza chakula kiko wapi. Wavuvi wetu hawana udhuru: kambini wanasonga ugali na kuchemsha samaki, tena vizuri, kwa moto wa kuni wenye upepo wa ziwa. Wakifika nyumbani ufundi wote unapotea. Basi Jumapili hii kuhe akipatikana, kitambaa cha kumkaushia shika wewe baba. Na sufuria, kwa kuwa hakuna filamu inayozionyesha zikioshwa, utaziosha wewe pia.